Somo la Sita: Kuwafuga Sungura Wawili kwa Amani

Mlaji anunuapo sungura wawili, mara nyingi huambiwa kwamba ni ndugu, wote majike, na kwamba hawatasumbuana. Hata hivyo, sungura hupevuka akiwa na umri wa miezi mitatu hadi sita. Tangu hapo hata ndugu waliozoea kulala pamoja huweza kupigana na kujeruhiana vibaya. Katika somo hili tunaeleza mambo ya kuzingatia kabla ya kununua na baada ya kuwafikisha nyumbani.

Kabla ya kulipa

Jinsia ya sungura mchanga hukosewa kwa urahisi, hata na muuzaji mzoefu. Mwombe muuzaji aandike jinsia na umri wa kila sungura katika risiti. Maandishi hayo yatakuwa ushahidi wako endapo utalazimika kudai haki. Kosa la jinsia lina gharama: jike huzaa siku 31 hivi baada ya kupandwa, na aweza kushika mimba nyingine mara tu baada ya kuzaa.

Jozi ipatanayo kwa urahisi zaidi ni dume na jike waliohasiwa wote wawili. Uliza mapema gharama za daktari wa mifugo. Baada ya kuhasiwa, dume huweza kutia mimba kwa wiki kadhaa; hivyo mtenge na jike asiyehasiwa kwa muda wa wiki sita.

Hatua za kuwazoesha

1. Waweke katika vizimba viwili vilivyo jirani, ila wasiweze kung'atana kupitia wavu. Badilishana matandiko yao ili kila mmoja azoee harufu ya mwenzake.

2. Wanapokula na kupumzika karibu na wavu bila ghadhabu, wakutanishe mahali palipo pageni kwa wote. Usimwingize mgeni katika kizimba cha mwenyeji, kwani sungura hulinda makao yake.

3. Anza kwa dakika chache, nawe ukiwapo. Kufukuzana kidogo na kupandana ni kawaida. Wakizungukana kwa kasi na kung'oana manyoya, watenganishe kwa ubao au glavu nene, kamwe si kwa mkono mtupu.

4. Wakilambana na kulala ubavu kwa ubavu, wahamishie katika banda lililosafishwa. Weka vyombo viwili vya chakula na viwili vya maji, nyasi kavu za kutosha, na maficho yenye milango miwili ili anayefukuzwa asizibiwe njia.

Kazi hii huweza kuchukua siku chache au wiki kadhaa. Mmoja akiugua, na daktari akiridhia, wapeleke wote wawili, kwa maana kutengana huweza kuvunja mazoea. Wapo pia wasiopatana kabisa. Hao waishi jirani, wakitenganishwa na wavu.

Jipime

Je, risiti yako inataja jinsia na umri wa kila sungura? Je, una kizimba cha pili endapo watagombana usiku wa leo? Ikiwa jibu ni hapana, tunakushauri uahirishe ununuzi.