Anayeuguza Naye Ana Mwili: Kwa Wazee Wanaowatunza Wenzi Wao

Kijitabu hiki ni cha kaya za Karusandara, Kasese mjini na Bwera ambamo mzee mmoja anamuuguza mwenzake. Pengine ni mama aliyepita miaka 65 na mumewe aliyepatwa na kiharusi. Pengine ni mzee ambaye mkewe ana sukari na miguu imeishiwa nguvu. Watoto wako Kampala, wengine wamevuka mpaka wa Mpondwe kwa biashara. Simu wanapiga, lakini wa kumwinua mgonjwa saa nane usiku ni wewe.

Ukianguka ukavunjika nyonga, nyumba itakuwa na wagonjwa wawili na hakuna wa kuwauguza. Kwa hiyo kuutunza mwili wako ni sehemu ya matibabu ya mwenzako, na usione aibu kulitengea jambo hilo muda.

Kuchoka si mazoezi

Utasikia mtu akisema: nachota maji, nafua mashuka, namgeuza mgonjwa, mazoezi ya nini tena? Kazi hizo zinahesabika, ni kweli. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unahesabu kutembea, kulima na kazi za nyumbani. Wenye miaka 65 na zaidi wanashauriwa kufikisha dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo unaoharakisha pumzi, ule ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Si lazima dakika zote ziwe za mfululizo.

Lakini mwongozo huohuo unataka pia, angalau siku 3 kwa wiki, mazoezi ya kutia miguu nguvu na kuzuia kuanguka. Hayo kuuguza hakukupi. Kunakuinamisha mgongo, kisha kunakukalisha kando ya kitanda nusu siku. Mgongo unauma huku mapaja yanazidi kulegea, na mapaja ndiyo yanayokuinua ukichuchumaa kwenye choo cha shimo.

Anza na kiti. Kiegemeze ukutani kisiteleze, kaa mbele kidogo, nyayo zote mbili chini. Simama bila kujisukuma kwa mikono, kisha kaa polepole, usijitupe. Mikono ikihitajika mwanzoni, itumie. Rudia mara 5, pumzika, kisha mara 5 tena. Halafu simama kando ya ukuta, ushike kwa mkono mmoja, inua mguu mmoja na ukae hivyo kadiri uwezavyo, kisha mwingine. Yote hayo yanafanyika chai ikichemka.

Kumwinua mgonjwa bila kuvunja mgongo

Hapa ndipo wazee wengi wanapoumia. Kosa la kwanza ni kumvuta mgonjwa kwa mkono uliopooza. Bega lake linaweza kutoka mahali pake, na mgongo wako unabeba uzito wote.

Kunja kitenge kigumu mara kadhaa, kifunge kiunoni mwake, na hicho ndicho utakachoshika. Msogeze hadi ukingoni mwa kitanda, nyayo zake zikanyage chini. Simama karibu naye sana, magoti yako yamekunjwa kidogo, mgongo umenyooka. Mwambie ainame mbele, hesabuni pamoja hadi tatu, kisha mwinuke wote kwa nguvu za miguu. Naye atie nguvu kadiri awezavyo, hata kama ni kidogo. Mkitaka kugeuka, geuza nyayo zako, usipinde kiuno.

Asipoweza kabisa kusimama, usimwinue peke yako. Ita jirani, na usimwonee haya. Milimani kwetu watu wameungana muda mrefu kubeba wagonjwa kwa machela hadi barabarani. Kumhamisha mtu kutoka kitandani hadi kitini ni kazi ndogo kuliko hiyo.

Asiyeweza kujigeuza ageuzwe takriban kila saa mbili ili asipate vidonda vya mgongoni na nyongani. Anayeweza kukaa akae, ale akiwa wima, ajivalishe shati hata akichelewa. Ukimfanyia kila kitu, viungo vyake vinasahau kazi na mzigo wako unaongezeka.

Kutembea Karusandara, kutembea Bwera

Karusandara ni tambarare, na mchana jua lake ni kali. Tembea asubuhi kukishakucha au jioni kabla ya giza, na unywe maji kabla ya kutoka. Kwenye vijiji vinavyopakana na hifadhi ya Queen Elizabeth usitoke alfajiri kungali giza: tembo hupita mashambani saa hizo. Bwera kuna vilima. Kupanda kunatia mapaja nguvu, lakini kwenye kushuka ndiko wazee wanakoanguka, hasa baada ya mvua. Shika fimbo, acha kandambili nyumbani.

Maji nayo yafikirie. Jerikani ya lita 20 ikijaa ina kilo 20. Chukua mbili za lita 5, moja kila mkono, urudi mara ya pili.

Zamu

Mwombe mtu mmoja, awe mjukuu, mwenzako wa kikundi cha akiba au mwenzako wa kanisani au msikitini, akae na mgonjwa siku maalumu na saa maalumu. Ukimwambia tu "njoo ukipata nafasi," nafasi haitapatikana. Watoto wakiuliza watume nini, waambie watume ujira wa msichana wa kuchota maji.

Kuna pia ruzuku ya serikali kwa wenye miaka 80 na zaidi, ambayo imekuwa shilingi 25,000 kwa mwezi. Angalia tarehe ya kuzaliwa kwenye kitambulisho cha taifa. Ikiwa inakupunguzia umri, anza kwa mwenyekiti wa kijiji, yule wa LC1.

Mkienda kituo cha afya

Maumivu ya kifua, kizunguzungu kinachokuangusha, mkono kulegea au mdomo kupinda ghafla: nenda kituoni mara moja, usingoje kesho, wala usiseme ni uchovu. Miguu ikivimba au usingizi ukikupotea wiki nzima, mweleze mhudumu wa afya wa kijiji, yule tunayemwita VHT.

Na mkienda kuchukua dawa za mgonjwa, iwe Karusandara au hospitali ya Bwera au ya Kagando, akishapimwa presha, toa mkono wako nawe upimwe. Ukiandikiwa dawa za presha, zimeze kila siku hata ukijisikia mzima, na tembe zako ziweke karibu na zake, bila kuzichanganya, ili mzimeze wakati mmoja.