Mtoto wa Mbwa na Wiki Zake Kumi na Mbili za Mwanzo

Katika vijiji vyetu vingi mbwa jike huzalia nyuma ya ghala au katika banda bovu la kuku, na wenye nyumba humwacha huko na watoto wake mpaka watakapojitokeza wenyewe. Mtoto anayetakiwa kwa ulinzi hufanyiwa zaidi ya hayo: hufungiwa asizoee watu, kwa imani kwamba ndivyo atakavyokuwa mkali. Makala hii yakusudia kueleza yanayotukia katika mwili na akili ya mtoto wa mbwa katika wiki zake 12 za mwanzo, na kwa nini desturi hizo mbili huzaa mbwa mwoga, mwenye kuuma ovyo, na asiyeweza hata kushikwa ili achanjwe.

Mbwa huchukua mimba kwa siku 63 hivi. Watoto wake huzaliwa vipofu na viziwi. Mtoto wa siku moja hutambaa kwa kifua huku akiyumbisha kichwa kulia na kushoto, akitafuta joto na chuchu. Hana shughuli nyingine. Mwili wake haujaweza kuhifadhi joto lake wenyewe, kwa hiyo baridi ya usiku mmoja yaweza kumwua kabla ya njaa. Hata kukojoa hawezi mpaka mama amlambe tumboni. Katika saa 24 za kwanza hana budi kunyonya dang'a, kwani kinga dhidi ya maradhi iliyomo humo hupenya katika utumbo kwa muda huo mfupi tu, kisha njia hiyo hujifunga. Anayenyonya vema uzito wake huwa umekwisha kuongezeka mara mbili siku ya kumi inapokaribia. Katika siku hizi kazi ya mfugaji ni ndogo: mahali pakavu pasipo upepo, chakula kingi na maji kwa mama, na utulivu.

Badiliko kubwa huja katika wiki ya tatu. Macho hufumbuka kati ya siku ya 10 na ya 14 hivi. Siku chache baadaye masikio hufunguka. Inapokaribia siku ya 20 meno ya mbele huanza kuchomoza, na mtoto ambaye juzi hakusikia hata radi sasa hushtuka mtu akipiga makofi. Hutembea, hutikisa mkia, huwauma ndugu zake kwa mchezo. Tangu hapo yu katika kipindi cha kuzoea jamii, kiendeleacho mpaka wiki ya 12 au zaidi kidogo, nacho ndicho kiini cha somo letu.

Mwaka 1961 wanasayansi watatu wa Marekani, Freedman, King na Elliot, walitangaza jaribio walilolifanya huko Bar Harbor, katika jimbo la Maine. Waliwaweka mbwa majike na watoto wao katika uwanja uliozungushiwa ua mrefu, wakikua pasipo kukutana na watu. Kisha waliwatoa baadhi ya watoto kwa wiki moja tu, wengine wakiwa na umri wa wiki 2, wengine 3, 5, 7 au 9, wakachezewa na mtu kila siku, halafu wakarudishwa uwanjani. Kundi moja halikutolewa kabisa mpaka wiki ya 14.

Watoto wa wiki 3 walimwendea mtu mara moja. Wa wiki 5 walisita kwanza, kisha wakazoea upesi. Wa wiki 7 na wa 9 walihitaji muda mrefu zaidi. Lakini wale ambao hawakumwona mtu kwa wiki 14 walikuwa kama wanyama wa porini, na mmoja wao aliyelishwa na kupapaswa kwa muda wa miezi mitatu baadaye alibadilika kidogo sana. Mwanafunzi na aangalie jambo hili: watoto hao hawakupigwa wala hawakunyimwa chakula. Walilokosa ni kukutana na binadamu kwa wakati wake.

Sababu ni kwamba katika umri huu nguvu mbili hushindana. Ya kwanza ni udadisi, uliopo tangu wiki ya tatu. Ya pili ni hofu ya kitu kigeni, ianzayo kuonekana yapata wiki ya tano na kukua kadiri siku zinavyopita. Porini hofu hiyo ni kinga, kwani mtoto atokaye pangoni akiendea kila kinachotikisika hatadumu. Basi alichokizoea kabla hofu haijakomaa hukihesabu kuwa cha nyumbani. Kinachokuja baadaye hukishuku. Bar Harbor walifugwa pia mbwa aina ya basenji, ambao asili yao ni Kongo. Watoto wao wa wiki 5 waliwakimbia na kuwaogopa watu kuliko wa aina nyingine, lakini walipopapaswa mara kwa mara walilainika haraka. Urithi una nafasi yake, ila haufungi mlango.

Wala si binadamu peke yake anayeweza kuzoewa hivyo. Nchini Namibia, tangu mwaka 1994, wahifadhi wa duma wamekuwa wakiwapa wafugaji watoto wa mbwa wanaokuzwa zizini pamoja na mbuzi na kondoo wangali wadogo. Wakikua huwahesabu mbuzi kuwa ndugu zao, huwalinda, na mfugaji hana haja tena ya kumwua duma.

Kwa mfugaji wetu kazi yenyewe si ngumu. Tangu wiki ya tatu kila mtoto na ashikwe dakika chache kila siku, na watu mbalimbali: wanawake, wanaume, wazee, na watoto wanaosimamiwa. Asikie sufuria, baiskeli, na mvua juu ya bati. Wanaojihadhari na mate ya mbwa kwa sababu za dini waweza kumzoesha kwa sauti na kwa chakula, pasipo kulambwa. Lakini asitengwe na mama yake kabla ya wiki ya nane. Katika michezo na ndugu zake ndimo ajifunzamo kupima nguvu ya meno yake: akiuma mno, mwenzake hulia na mchezo hukoma. Dawa ya minyoo na ianze wiki ya pili, kwa kuwa minyoo huingia tangu tumboni mwa mama, na mayai yake huweza kudhuru macho ya watoto wetu.

Nilikulia penye mbwa wa kufungiwa, nami niliamini kama wengine kwamba ukali wake ni ushujaa. Sivyo. Mbwa huyo huuma kwa hofu, na huwa hachagui kati ya mwizi na mjukuu wa mwenye nyumba.

Kuna na kubwa zaidi. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, nao karibu wote huambukizwa na mbwa. Ili kuukata mwenendo wa ugonjwa, yapasa asilimia 70 ya mbwa wa eneo wawe wamechanjwa. Siku ya chanjo aletwaye ni yule anayekubali kamba shingoni; asiyeshikika hubaki nyumbani, mwaka baada ya mwaka, na ndiye mwelekevu wa kuuma.

Mwalimu wa Bayolojia akipata jirani mwenye mbwa aliyezaa, awapeleke wanafunzi wachache kwa idhini ya mwenyewe, yeye akiwa amemshika mama. Wapime uzito wa kila mtoto kwa mizani ya dukani kila siku ya tatu, waandike tarehe ya jicho la kwanza kufumbuka na siku ya kwanza ya kushtuka kwa makofi, kisha wachore grafu. Kuanzia wiki ya nne mwanafunzi mmoja akae chini kimya, hatua tano kutoka kwa watoto, na mwenzake ahesabu sekunde mpaka wa kwanza amfikie. Wote wanawe mikono kwa sabuni. Akitokea wa kuumwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji tiririka kwa dakika 15, naye apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.