Maswali na Majibu: Kiti cha Kulishia Mtoto

Somo: Sayansi Kimu. Mada: Malezi ya mtoto. Mada ndogo: Vifaa vya kulishia.

Mifano ni ya Nchelenge, mwambao wa Ziwa Mweru, Zambia. Huko Kiswahili kimo majumbani mwa familia zilizovuka kutoka Kongo mwaka 2017, zikapokelewa katika kituo cha mpito cha Kenani na kisha kuhamishiwa makazi ya wakimbizi ya Mantapala mwaka 2018. Soma swali, funika jibu, andika lako, halafu linganisha. Penye neno “sababu”, jibu lisilo na sababu hupata nusu ya alama au pungufu.

1. Eleza maana ya: (a) kiti kirefu cha kulishia, (b) kiti cha kuinulia, (c) kiti cha kuning’iniza, (d) kiti kifupi cha mkekani. (Alama 8)

(a) Kiti kirefu cha kulishia ni kiti chenye miguu yake mirefu, kiegemeo, mkanda na aghalabu trei, kinachomweka mtoto kwenye kimo cha meza ya watu wazima.

(b) Kiti cha kuinulia ni kiti kisicho na miguu mirefu, kinachofungwa juu ya kiti cha mtu mzima ili mtoto aifikie meza.

(c) Kiti cha kuning’iniza ni kiti kisichogusa sakafu. Kimeshikizwa kwenye ukingo wa meza kwa vibano.

(d) Kiti kifupi cha mkekani ni kiti chenye kiegemeo na mkanda, ambacho kalio lake (sehemu ya kukalia) liko chini kiasi cha miguu ya mtoto kukanyaga ardhi.

Neno la kukumbuka ni *kinategemea nini*. Kiti kirefu hutegemea miguu yake. Kiti cha kuinulia hutegemea kiti kingine. Kiti cha kuning’iniza hutegemea meza. Kiti kifupi hutegemea ardhi. Ukiandika “vyote ni viti vya watoto”, hupati kitu.

2. Mtoto huanza kutumia kiti cha kulishia lini? Toa dalili tatu. (Alama 4)

Mtoto huanza kutumia kiti anapoweza kukaa, si anapofikisha tarehe (alama 1). Dalili ni: anamudu shingo na kichwa bila kuyumba, anakaa wima bila kushikwa au kwa msaada mdogo, ananyoosha mkono kukichukua kitu bila kuanguka upande (alama 3).

Wengi huandika “miezi 6” na kuishia hapo. Miezi 6 ndio umri ambao Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aanzishiwe chakula cha nyongeza, huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Huo ni umri wa *chakula*. Umri wa *kiti* hutegemea mgongo wa mtoto. Mtoto wa miezi 6 asiyeweza kukaa hulishwa mapajani mwa mama, akiwa wima. Mapaja ya mama ni jibu sahihi, na watahiniwa hulikwepa wakidhani si la kitaalamu.

3. Kwa nini trei haihesabiwi kuwa kizuizi cha usalama? (Alama 3)

Trei huzuia mtoto asisogee mbele, lakini haizuii asiteleze chini (alama 1). Nyonga zikiteleza, mwili hupita chini ya trei na kichwa hubaki juu (alama 1). Shingo hubanwa, na mtoto anaweza kukosa hewa (alama 1).

Kinachozuia mtelezo ni mkanda wa kati ya miguu. Jibu lolote la usalama lisilotaja mkanda wa kati ya miguu lina pengo.

4. Tofautisha mkanda wa ncha tatu na mkanda wa ncha tano. (Alama 4)

Mkanda wa ncha tatu hushika kiuno pande mbili na kati ya miguu. Mkanda wa ncha tano hushika kiuno pande mbili, mabega mawili na kati ya miguu. Wa ncha tatu huzuia kuteleza lakini hauzuii kusimama kwa mtoto mwenye nguvu. Wa ncha tano huzuia yote mawili. Kwa kiti kirefu, andika ncha tano. Kwa kiti kifupi cha mkekani, ncha tatu zinakubaliwa, kwa sababu kimo cha kuanguka ni kidogo. Toa sababu hiyo. Bila hiyo msahihishaji atadhani umebahatisha.

5. Eleza mambo yanayoathiri uthabiti wa kiti cha kulishia. (Alama 6)

Uthabiti ni uwezo wa kiti kubaki kimesimama kinaposukumwa au mtoto anapoegemea upande. Mambo ni matatu.

Kitako, yaani sehemu ya chini inayokaa sakafuni. Kitako kikiwa kipana kuliko kalio, kiti hakipinduki upesi (alama 2).

Kitovu cha uzito. Mtoto akikaa juu, kitovu cha uzito hupanda, na msukumo mdogo unatosha kukiangusha kiti (alama 2). Kiti kirefu kwa hiyo kinahitaji kitako kipana kuliko kiti kifupi.

Sakafu. Miguu minne hukaa sawa juu ya saruji iliyosawazishwa. Juu ya udongo uliofagiliwa hadi ukaacha mabonde, au juu ya mchanga wa karibu na ziwa, mguu mmoja huning’inia au huzama (alama 2).

Jaribio ni rahisi: weka kiti mahali kitakapotumika, bonyeza kila kona ya kalio kwa kiganja, kisha sukuma kiegemeo kwa vidole viwili. Kikitikisika kitupu, kitatikisika zaidi mtoto akirusha miguu. Kumbuka pia kwamba mtoto aliye karibu na meza huikanyaga na kujisukuma nyuma. Viti virefu vingi huanguka hivyo.

6. (a) Taja mkao sahihi wa mtoto anayelishwa. (Alama 4) (b) Kibao cha kukanyagia kina kazi gani? (Alama 2)

(a) Mgongo wima. Nyonga zimekunjwa kama pembe mraba. Magoti yamekunjwa kama pembe mraba. Nyayo zimekanyaga kitu kigumu. Kila kimoja alama 1. Mtoto aliyelazwa nyuma hupaliwa kwa urahisi zaidi, kwa hiyo “nusu kulala” ni jibu lisilo sahihi.

(b) Kibao cha kukanyagia huutuliza mwili wa mtoto ili nguvu zake ziende kwenye kutafuna na kumeza. Mwaka 1972 mbunifu wa Norwei Peter Opsvik alitoa kiti cha Tripp Trapp, ambacho kalio na kibao chake cha kukanyagia husogezwa juu au chini mtoto anavyokua. Mtihani hauulizi jina la kiti. Huuliza sababu ya kibao kusogezwa: miguu hurefuka.

7. Familia ya mvuvi wa Kashikishi ina mtoto wa miezi 8 anayekaa bila kushikwa. Sakafu ni ya udongo. Familia hula nshima (ugali) juu ya mkeka, mbaula (jiko la mkaa) ikiwa kando. Ni katikati ya Januari. Washauri wachague kiti gani? Toa sababu. (Alama 15)

Hili ndilo swali linalowaangusha wengi. Mtahiniwa hukumbuka picha ya kitabuni, akaandika “kiti kirefu chenye trei”. Kiti kirefu hakina meza ya kuifikia katika nyumba hiyo. Mtoto atakuwa juu peke yake, na mama atasimama kila tonge au atamlisha mkono ukiwa umenyooka.

*Uchaguzi (alama 2).* Kiti kifupi cha mkekani.

*Sababu ya mahali pa kula (alama 3).* Kiti hufuata mahali familia inapokula. Familia inakula chini, juu ya mkeka, ambao Wabemba huuita impasa. Mtoto aliye chini huona mikono ya wenzake ikikata nshima, au bukari kama wasemavyo waliotoka upande wa Katanga, na mama humlisha akiwa ameketi.

*Sababu ya sakafu (alama 3).* Udongo haulingani. Kiti kifupi kikiyumba, mtoto huanguka kimo cha shibiri moja. Kiti kirefu kikiyumba, huanguka karibu mita 1, kichwa kikitangulia.

*Sababu ya fedha (alama 2).* Uvuvi wa Ziwa Mweru hufungwa kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Januari mvuvi hana mauzo ya ziwani. Kiti kifupi hutengenezwa na fundi seremala wa mtaani kwa vipande vya mbao. Swali limetaja mwezi makusudi. Ukiuacha, umepoteza alama 2.

*Muundo (alama 3).* Kimo cha kalio hupimwa kwa mguu wa mtoto. Chukua uzi wa nyavu, weka ncha moja nyuma ya goti, nyoosha hadi unyayo, piga fundo. Urefu hadi fundo ndio kimo cha kalio. Kina cha kalio huanzia kwenye kiegemeo na kuishia vidole viwili kabla ya nyuma ya goti. Kitako kitokeze nje ya kalio pande zote. Mbao ngumu kama mninga, ambao Zambia huitwa mukwa, ipigwe msasa, na vichwa vya misumari vizame ndani ya mbao.

Mkanda usiwe uzi wa nyavu. Uzi huo ni imara kwa samaki lakini ni mwembamba, hukata ngozi. Tumia utepe mpana wa turubai au chitenge (kitenge) kilichokunjwa na kushonwa, wenye bizimu.

*Hasara (alama 2).* Mtoto aliye chini yuko kimo kimoja na mbaula na sufuria ya moto. Mbaula ihamishwe nje au iwekwe angalau mita 2 kutoka kwenye kiti. Jibu lisilotaja hasara hii haliwezi kupata alama zote.

8. “Beseni lililojazwa chitenge ni kiti cha kulishia.” Jadili. (Alama 6)

Hoja za kukubali: beseni lipo kila nyumba, chitenge humshika mtoto pande zote, hakuna kimo cha kuanguka (alama 2).

Hoja za kukataa: beseni halina kiegemeo kigumu, hivyo mgongo hukunjika, halina mkanda, miguu imenyooka mbele bila kukanyaga, ukingo wake huinuka mtoto akiegemea upande mmoja (alama 3).

Uamuzi: beseni ni kifaa cha *mazoezi ya kukaa*, kwa muda mfupi, mkono wa mlezi ukiwa karibu, si kifaa cha kulishia (alama 1). Usiandike kwamba ni ujinga wa wazee. Swali limesema jadili, na chitenge hicho hicho kilichokunjwa nyuma ya mgongo ni msaada mzuri katika kiti kilicho kipana mno.

9. Mzazi amepata kiti kirefu cha mtumba, yaani salaula. Taja mambo matano ya kukagua kabla ya kununua. (Alama 5)

Mkanda kamili, ukiwemo wa kati ya miguu. Bizimu inayofunga na kukataa kufunguka ikivutwa. Kifungio cha miguu kinachozuia kiti kujikunja chenyewe. Tundu na nafasi zinazoweza kunasa kidole. Rangi isiyobambuka, kwa sababu rangi ya zamani yaweza kuwa na madini ya risasi.

Ukiona alama ya EN 14988, hicho ni kiwango cha Ulaya cha viti virefu vya watoto. Alama hiyo inahusu kiti kilipokuwa kipya. Haiponyi mkanda uliokatika.

Jambo la sita, ukipenda: kiti kioshwe chote kwa sabuni na maji safi. Uji wenye unga wa chisense, dagaa wa Mweru, huacha mafuta kwenye mishono ya kitambaa, na mwambao huu umewahi kupigwa na kipindupindu. Kalio la plastiki au mbao laini hushinda kalio la sponji.

10. Mtoto wa miezi 9 amepaliwa akiwa kitini. Eleza hatua za kuchukua. (Alama 6)

Akikohoa kwa nguvu, mwache akohoe, umtazame (alama 1). Akinyamaza, hakohoi wala halii, njia ya hewa imeziba: fungua mkanda, mtoe kitini (alama 1). Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, umpige mgongoni kati ya mabega mara 5 (alama 1). Mgeuze, bonyeza katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5 (alama 1). Rudia kwa zamu hadi kitu kitoke (alama 1). Mwingine akatafute msaada. Kashikishi, hospitali ni ya Misheni ya St Paul’s (alama 1).

Kwa mtoto wa chini ya mwaka 1 usibonyeze tumbo. Usiingize kidole kinywani kutafuta mwiba usiouona. Hapa ndipo bizimu inapotahiniwa tena: mtu mzima aweze kuifungua kwa mkono mmoja. Fundo la kamba halifai.

11. Tofautisha kiti cha kuinulia mezani na kiti cha kuinulia garini. (Alama 2)

Cha mezani humwinua mtoto afikie chakula. Cha garini humwinua mtoto mkubwa ili mkanda wa gari upite begani na nyongani, si shingoni na tumboni. Kimoja hakitumiki mahali pa kingine.

12. Andika Kweli au Si kweli. (Alama 4)

(a) Kiti cha kuning’iniza kinafaa meza yoyote. *Si kweli.* Meza nyepesi hupinduka pamoja na mtoto.

(b) Kiti cha kuinulia hufungwa mara mbili: kiti kwa kiti, mtoto kwa kiti. *Kweli.*

(c) Kiti kirefu ni bora kuliko kiti kifupi. *Si kweli.* Swali halijataja familia inakula wapi.

(d) Mtoto aliyefungwa mkanda anaweza kuachwa dakika 2 mama akichota maji. *Si kweli.* Ukiandika “kweli” kwa sababu kisima kiko karibu, bado ni 0.