Mbigili Katika Somo la Sayansi

Mwalimu anayejiandaa kufundisha mimea ya nchi kavu katika Wilaya ya Kyela hana budi kukabili jambo moja kabla hajaandika neno ubaoni. Mara nyingi hufundishwa kwamba mimea ya namna hiyo huota mahali pasipo mvua. Mtoto wa Kyela, ambako mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, ataikariri sentensi hiyo na kupata alama zake, lakini hataiamini, naye ana haki ya kutoiamini.

Mmea ufaao ni mbigili. Hutambaa chini, una majani madogo yaliyopangwa jozi jozi, maua ya manjano yenye petali tano, na mzizi mkuu uzamao mbali. Katika nchi za baridi huishi msimu mmoja tu. Penye joto huweza kudumu zaidi ya mwaka. Utafute kandokando ya njia za mchanga karibu na ziwa. Usipoupata, mmea mwingine utambaao mchangani utatosha.

Swali la somo liwe moja: mmea wa nchi kavu unafuata nini penye mvua nyingi hivi? Usilijibu. Wape wanafunzi makopo mawili yaliyotobolewa chini kwa msumari. Moja lijazwe mchanga wa ufukweni, jingine udongo wa mfinyanzi kutoka jaruba la mpunga, yote mikavu na kwa kipimo kimoja. (Mfinyanzi upondwe kwanza, maana maji yakipita katika nyufa jaribio litaharibika.) Mimina kikombe kimoja cha maji katika kila kopo, wanafunzi wapime maji yanayotoka na muda yanaochukua. Mchangani hupita upesi. Katika mfinyanzi hukawia, na mengi hubaki. Sasa waacheni wabishane. Muda si mrefu mmoja atasema kwamba mvua hunyesha kote, ila mchanga hauiweki. Ndipo wachimbe mbigili taratibu na kuupima mzizi wake kwa rula.

Tunda likikauka hugawanyika vipande, kwa kawaida vitano, vyenye mbegu na miiba mikali. Uyakusanye wewe mwenyewe katika kopo, kwa kuwa wanafunzi wengine huja peku. Chomeka kipande kimoja katika soli ya ndala na uulize nani amembeba nani. Kipindi kikiisha, vipande vihesabiwe kabla ya kuchomwa moto. Kitakachosahauliwa sakafuni kitapatikana kesho kwa unyayo.