Maisha Bora Hupimwa kwa Kipimo Gani?



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya ugomvi wa fedha, wakwe, ulevi na malezi ya watoto. Mwezi huu tunawaomba mkae pamoja, mzime redio kidogo, tujifunze jambo ambalo mara nyingi ndilo mzizi wa hayo yote. Kila mume na kila mke, siku waliposimama mbele ya altare, walitaka kuishi maisha mazuri pamoja. Lakini ni wachache waliowahi kuulizana: maisha mazuri ni yapi, na tutajuaje kama tumeyapata au tumeyakosa?

Chukueni mfano wa mume na mke wa Baba Dogo, hapa Nairobi, walioturuhusu kusimulia habari zao bila kuwataja. Mume hufanya kazi ya shifti katika kiwanda kimojawapo kando ya Barabara ya Baba Dogo. Mke huuza mboga na omena penye lango la ploti wanamoishi. Wana watoto watatu: mvulana wa miaka 14, msichana wa miaka 11 na kitinda mimba wa miaka 5. Wote watano wanalala katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mume alipata nyumba upande wa Githurai, yenye sebule, vyumba viwili vya kulala, na choo ndani. Kodi yake ni mara tatu ya ile wanayolipa sasa. Akarudi nyumbani amefurahi: "Mama, sasa na sisi tutaishi kama watu." Mke akaendelea kuchambua sukuma wiki, hakujibu.

Mume aliona kwamba mke hataki maendeleo. Mke aliona kwamba mume anataka kumtenga na wateja wake, chama chake na Jumuiya yake Ndogo ya Kikristo, halafu amwachie sebule kubwa ya kukaa peke yake, huku yeye mwenyewe akipanda matatu mbili kwenda shifti ya usiku na mbili kurudi. Walinyamaziana karibu miezi miwili. Wengine husema afadhali kunyamaza kuliko kutukanana. Sisi hatuamini hivyo. Tusi husikika na kujibiwa, lakini kimya hakijibiki.

Kumbe hawa wawili hawakuwa wakigombania nyumba. Kila mmoja alikuwa ameshika kipimo chake, na hakuna aliyemwonyesha mwenzake.

Wakubwa wa dunia nao waligombana

Msione haya. Hata serikali na wataalamu wamehangaika na swali hili hili. Kwa miaka mingi maisha ya nchi yalipimwa kwa pato tu: mali yote inayozalishwa kwa mwaka inagawanywa kwa idadi ya watu, basi. Simon Kuznets, mtaalamu aliyeandaa hesabu za pato la taifa kule Marekani, yeye mwenyewe alilionya bunge la nchi hiyo mwaka 1934 kwamba hali njema ya watu haiwezi kusomwa katika hesabu hizo peke yake. Mwaka 1967 Baba Mtakatifu Paulo wa Sita, katika waraka wake Populorum Progressio, alifundisha kwamba maendeleo si kukua kwa uchumi tu. Ni lazima yamfikie kila mtu, na yamguse mtu mzima, mwili na roho.

Mwaka 1990 Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti yake ya kwanza ya maendeleo ya binadamu. Aliyeiongoza kazi hiyo ni Mahbub ul Haq wa Pakistan, akisaidiwa na mwenzake Amartya Sen wa India. Walichukua mambo matatu: watu wanaishi miaka mingapi, wamesoma kiasi gani, na wana kipato gani. Kutokana na hayo wakapata namba moja kati ya 0 na 1. Kenya kwa miaka ya karibuni imekuwa karibu na 0.6.

Mwaka 2010 hesabu hiyo ilibadilishwa, na badiliko lenyewe lina faida kubwa kwa wenye ndoa, ingawa waliolifanya sidhani walitufikiria. Zamani alama zile tatu zilijumlishwa na kugawanywa kwa tatu, kama mwalimu anavyotafuta wastani wa darasa. Siku hizi huzidishwa, kisha hutafutwa kipeuo chake. Kwa nini? Tuchukue mambo mawili tu ili hesabu iwe nyepesi. Nyumba ya kwanza ina alama 9 katika fedha na 1 katika afya. Nyumba ya pili ina 5 na 5. Ukijumlisha na kugawanya kwa mbili, zote mbili zinapata 5, utasema zinalingana. Lakini ukizidisha, ya kwanza inapata 9, ambayo kipeuo chake cha pili ni 3. Ya pili inapata 25, na kipeuo chake ni 5. Yaani fedha nyingi haziwezi kuficha afya iliyoharibika. Na penye sifuri, hata ukiizidisha na nini, utapata sifuri.

Sasa rudini kwa yule baba wa Baba Dogo. Kipimo chake kilikuwa kile cha zamani: nyumba ya kodi kubwa ni maisha makubwa. Hakuweka katika hesabu usingizi wake, ambao tayari ulikuwa haba, wala saa atakazobaki nazo za kuwaona watoto wakiwa macho.

Wastani hudanganya

Jirani na Baba Dogo upo mtaa wa Korogocho. Mwaka 2000 kituo cha utafiti cha APHRC, chenye makao yake hapa Nairobi, kilichunguza afya katika mitaa ya mabanda ya jiji hili. Waliona kwamba kati ya watoto 1,000 waliozaliwa katika mitaa hiyo, karibu 150 walikufa kabla ya kutimiza miaka 5. Vijijini Kenya walikuwa zaidi kidogo ya 110. Na wastani wa Nairobi nzima? Haukufika hata nusu ya ule wa mabanda. Aliyetazama wastani wa jiji alisema Nairobi ni mahali pazuri pa kulelea mtoto. Mama wa Korogocho alikuwa anazika. Vifo hivyo vimepungua tangu wakati ule, asante Mungu, lakini fundisho lingali pale pale: wastani ni blanketi, na chini ya blanketi moja huyu amejifunika na yule miguu iko nje.

Nyumba nayo ni jiji dogo. Usiku wa tarehe 24 Agosti 2019, siku ya sensa, tuliulizwa kuta zetu ni za nini, maji tunatoa wapi, tunapikia nini, tuna redio au hatuna. Majibu yalitolewa kwa ajili ya nyumba yote kwa pamoja, na serikali ina haki ya kuuliza hivyo. Lakini maswali yale hayakuuliza nani analala karibu na mlango, nani anakula wa mwisho, nani anavuta moshi wa jiko la mkaa. Chumba ni kimoja, maisha ndani yake ni matano.

Kwa hiyo inabidi kumwuliza kila mtu peke yake. Shirika la Afya Duniani lilianza kazi hiyo miaka ya 1990 na kutengeneza maswali ambayo mtu anajibu juu ya maisha yake mwenyewe, kadiri ya utamaduni wake na mambo anayotarajia. Lile jedwali fupi lina maswali 26, nayo yanagusa sehemu nne: mwili, moyo na akili, uhusiano na watu, na mazingira anamoishi. Huulizwa kama unalala vizuri, kama fedha zinatosha mahitaji yako, kama una usalama, kama una marafiki wa kukusaidia, na hata kama unaridhika na maisha yako ya tendo la ndoa. Wataalamu hawakuona aibu kuliuliza, nasi tusione aibu kulijibu, maana ni sehemu ya Sakramenti yetu.

Lakini kuuliza peke yake hakutoshi. Mtu aliyezoea shida atakuambia yuko sawa. Amartya Sen ameandika sana juu ya jambo hilo: aliyenyimwa kwa muda mrefu hujifunza kutotamani. Na yapo madhara ambayo hayasikiki mwilini. Mwaka 2007 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti juu ya watoto na vijana 328 waliopimwa katika eneo la dampo la Dandora. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichohesabiwa wakati huo kuwa cha hatari. Mtoto hajui ana risasi katika damu. Ungemwuliza habari yake, angekujibu "nzuri," kisha akaendelea na mpira. Ndiyo maana tunahitaji macho mawili: moja la kumsikiliza mtu anavyojisikia, na jingine la kuhesabu mambo yanayoonekana, kama maji, choo, moshi, ada na chakula.

Karatasi mbili, halafu tano

Wale wa Baba Dogo walishauriwa na wazee wa ndoa wa Jumuiya yao wafanye zoezi. Kila mmoja alichukua karatasi yake, akajipa alama kuanzia 0 hadi 10 katika zile sehemu nne, bila kuchungulia ya mwenzake. Chini ya kila alama aliandika sababu moja. Halafu wakabadilishana karatasi, na sharti lilikuwa moja: anayesoma asijitetee mpaka amalize kusoma.

Mume alijipa 2 katika uhusiano. Mke alishangaa, kwa sababu anamwona akicheka na kila mtu mtaani. Sababu aliyoandika ni kwamba tangu mvulana abalehe, yeye na mke wake hawajakuwa na faragha, naye alikuwa ameona haya kusema. Nyumba ya Githurai kwake haikuwa majivuno. Alikuwa anamtafuta mke wake. Mke naye alijipa 8 katika uhusiano, lakini katika mwili akaandika 3: mgongo, na kifua kinachobana anapopikia ndani mvua ikinyesha. Mume alikuwa amemwuliza mara nyingi, na kila mara jibu lilikuwa, "Nimezoea."

Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza. Kisha wakawauliza watoto. Kijana alisema anataka mahali pa kusomea usiku. Msichana alisema jambo ambalo wazazi hawakulifikiria hata kidogo: anaogopa kwenda chooni usiku, kwa kuwa choo cha ploti kiko mwisho wa ua na hakuna taa. Huwa anajizuia mpaka asubuhi. Katika usalama alijipa 0. Kumbukeni hesabu yetu ya kuzidisha.

Hatutaki kuwaambia kila familia ya chumba kimoja ihame au ibaki. Hawa waliamua kukodi chumba cha pili katika ploti ile ile, jambo linaloongeza kodi mara mbili na si mara tatu, na mama akabaki penye wateja wake. Taa ya uani waliweka wao wenyewe wiki ile ile, baada ya kuzungumza na mwenye ploti. Familia nyingine, yenye kazi mahali pengine, ingefanya vizuri kuhama. Na ziko familia ambazo hata chumba cha pili hazikiwezi. Hizo zianze na ile alama ya chini kabisa ambayo gharama yake ni ndogo, na mara nyingi ipo moja.

Onyo moja kabla hamjaanza. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka Evangelium Vitae wa mwaka 1995, alionya kwamba neno hili "ubora wa maisha" linaweza kugeuzwa kuwa silaha, pale maisha yanapopimwa kwa fedha, matumizi, uzuri wa mwili na anasa, na uhusiano wa watu na mambo ya roho yakasahauliwa. Hapo mgonjwa, mzee na mlemavu huonekana kuwa mzigo. Kwa hiyo alama mnazoandika ni za hali, si za mtu. Mume aliyepoteza kibarua hajawa mume wa alama 2. Mama mkwe anayeugulia kwenu asiwekwe katika karatasi kama jambo linaloshusha hesabu. Mpeni karatasi yake naye ajibu, au mwandikieni kama hajui kuandika.

Chagueni jioni ambayo hakuna aliye na shifti, watoto wamekula, na simu ziko mbali. Atangulie kusoma yule ambaye kwa kawaida husema kidogo katika nyumba yenu. Pale mwenzako anapojipa alama ya chini kuliko ulivyodhani, usimwambie amekosea. Mwulize ilianza lini. Wekeni karatasi hizo penye vyeti vya ubatizo, na mwaka ujao, juma la kwanza la Kwaresima, mjibu tena kabla ya kusoma yale ya zamani.