Darasa Lililogeuzwa na Dakika ya Kwanza ya Mtoto

Mtoto mchanga asiyepumua hata baada ya kukaushwa na kuchangamshwa huhitaji kusaidiwa kupumua kabla dakika ya kwanza haijapita. Wakufunzi huiita dakika ya dhahabu. Mkunga hana nafasi ya kufungua kitabu wakati huo. Kwa hiyo, namna anavyojifunza humhusu pia mama anayekwenda kujifungua.

Katika darasa la kawaida, muda mwingi hutumika kumsikiliza mwalimu, na mazoezi huachiwa dakika za mwisho. Darasa lililogeuzwa hubadili mpangilio huo: maelezo husomwa nyumbani, na muda wa kukutana hutengwa kwa mazoezi. Miongoni mwa walioieneza mbinu hii ni Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walimu wa kemia huko Colorado, Marekani, walioanza kurekodi masomo yao mwaka 2007.

Katika mafunzo ya tiba, mazingira pepe yameongeza uwezo wa mbinu hii. Mradi wa LIFE wa Chuo Kikuu cha Oxford na washirika wake nchini Kenya umeunda hospitali pepe ndani ya simu ya mkononi. Mhudumu huchagua vifaa, huamua hatua inayofuata, husahihishwa anapokosea, kisha hurudia kwa kasi yake mwenyewe bila kumdhuru mgonjwa yeyote.

Hata hivyo, kioo cha simu hakiwezi kumwonyesha mhudumu kwamba barakoa inavuja hewa chini ya kidole chake. Stadi hiyo hupatikana kwa mwanasesere na mfuko wa hewa, kifua kikionekana kuinuka. Simu ifundishe mfuatano wa hatua. Darasa lifundishe mkono.

Kurudia nako hakuna mbadala. Katika hospitali ya Haydom, Tanzania, kozi ya siku moja iliboresha utendaji wa wahudumu kwa mwanasesere, lakini huduma kwa watoto wenyewe haikubadilika. Yalipoanzishwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara kazini, vifo vya saa 24 za kwanza vilipungua kutoka takriban 11 hadi 7 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa.

Anayejifunza mwenyewe azingatie mambo matatu. Kwanza, ataje hatua zote kwa sauti kabla ya kutazama majibu, kwani kusoma tu humdanganya mtu kuwa anajua. Pili, aandike kila kosa alilofanya, alipeleke darasani, na mkufunzi aanzie hapo. Tatu, arudie zoezi kila wiki kwa dakika chache, kwa mwanasesere wa wodini panapowezekana. Vituo visivyo na intaneti ya uhakika vipakue masomo mapema ili yatumike bila mtandao.

Mama akiwaona wakunga wamemzunguka mwanasesere, asidhani kwamba hawaijui kazi. Wanajiandaa kwa dakika ya kwanza ya mwanawe.