Ganda la Embe: Taka au Hazina?

Aghalabu mlaji wa embe humenya ganda na kulitupa jaani, akiamini kuwa uzuri wote umo katika nyama ya tunda. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba ganda hilo lina utajiri wake, na kwamba utajiri huo una mipaka.

Tuanze na istilahi. Mwili unapotumia oksijeni kupata nishati kutokana na chakula, huzalika radikali huru, yaani molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzake. Molekuli hizi huzipokonya nyingine elektroni na hivyo kudhuru mafuta, protini na DNA ya seli. Kizuiaoksidishaji ni kemikali inayoituliza radikali kwa kuipa elektroni, bila yenyewe kugeuka kuwa mharibifu mpya.

Je, kwa nini ganda? Ganda ndilo ngao ya tunda dhidi ya jua kali, wadudu na kuvu. Kwa hiyo mmea hurundika humo fenoli, ikiwemo manjiferini, pamoja na karotenoidi zinazolipa embe bivu rangi ya manjano. Uchunguzi wa maabara umeonyesha mara nyingi kuwa ganda lina fenoli nyingi kuliko nyama.

Hata hivyo, kilichothibitika katika chupa ya maabara si lazima kithibitike mwilini. Mwaka 1994 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliohusisha wanaume 29,133 wavutaji sigara nchini Finland. Waliopewa vidonge vya beta-karotini, ambayo ni kizuiaoksidishaji, walipatwa na saratani ya mapafu kwa kiwango kilichozidi cha wenzao kwa asilimia 18. Isitoshe, mwembe ni wa ukoo mmoja na mkorosho, na ganda la embe lina kemikali ziwezazo kuwasha ngozi na midomo ya baadhi ya watu. Mabaki ya dawa za kuulia wadudu nayo hukaa papo hapo juu ya ganda.

Kwa kuhitimisha, ganda la embe si taka, wala si dawa. Likioshwa vyema, likakaushwa na kusagwa, unga wake waweza kuchanganywa na unga wa ngano katika biskuti ili kuongeza nyuzinyuzi. Lakini yeyote atakayetuuzia unga huo kama tiba ya saratani, na tumdai ushahidi uliotoka kwa wagonjwa, si kwenye chupa.